Kuonyesha Filamu ya Zamani ya Wavuvi Ufukweni mwa Ziwa Nyasa: Mwongozo Kamili

Filamu nyingi za zamani kuhusu wavuvi zilitengenezwa ili watu wa mjini wawaone watu wa majini. Ukiipeleka filamu ya namna hiyo Matema, Ikombe au Mwaya, vijiji vya ufukweni wilayani Kyela, mambo yanageuka: waliokaa kwenye mikeka ndio mafundi, na aliyekuja na projekta ndiye mgeni. Mwongozo huu unamhusu huyo mgeni. Huenda ni mwalimu wa sekondari Tukuyu, huenda ni kijana wa kikundi cha sanaa Mbeya mjini au Iringa, huenda ana kibanda umiza pale Kyela na amechoka kuonyesha mpira na ngumi peke yake. Kila uamuzi hapa chini, kuanzia tarehe mpaka mahali pa kusimamisha filamu, unawafuata wavuvi. Onyesho likipangwa kwa kumfuata mwenye vyombo, watakuja watoto tu.

Hatua ya kwanza: chagua filamu

Kipimo changu ni kimoja. Je, kuna mtu anayeuza samaki ndani ya filamu hiyo? Wapo watengenezaji waliopiga picha mawimbi, nyavu na nyuso zilizochomwa na jua, halafu wakaishia hapo. Mvuvi wa Kyela ataangalia, atasifia chombo, na baada ya nusu saa ataanza kuuliza mzigo umekwenda wapi na bei ilikuwaje. Filamu isiyo na jibu imeacha nusu ya maisha yake nje.

Kwa usiku mmoja mfupi, ipo Redes, ya mwaka 1936, iliyopigwa Alvarado kwenye pwani ya Veracruz, Meksiko. Waliiongoza Fred Zinnemann na Emilio Gómez Muriel, picha akapiga Paul Strand, na wengi wa wanaoonekana ni wavuvi wa pale pale. Ina urefu wa saa moja hivi. Baba anampoteza mtoto kwa kukosa pesa ya matibabu, kisha anaanza kuwauliza wenzake kwa nini wanakubali bei ile. Watu wa ziwani hawahitaji utangulizi wowote kuielewa.

Drifters ya John Grierson, ya mwaka 1929, haina maneno ya kusemwa kabisa. Ni filamu ya kweli, bila hadithi ya kutunga, kuhusu meli za mvuke zinazofuata samaki aina ya heringi katika Bahari ya Kaskazini, na inafika mpaka sokoni. Inafaa sana kufungulia, maana haikudai mtafsiri na wavuvi wanaanza kutoa maoni bila kuombwa.

Man of Aran ya Robert Flaherty, ya mwaka 1934, ina mawimbi ambayo sijaona mfano wake. Lakini ujue unachobeba. Ile "familia" ya visiwani Ireland haikuwa familia. Watu walichaguliwa kwa sura wakakusanywa pamoja. Uwindaji wa papa unaoonyeshwa ulikuwa umeshaachwa miongo mingi nyuma, ikabidi wafundishwe upya ili kamera ipate cha kuona. Mzee mmoja wa Matema aliangalia wanaume wale wakihangaika na kamba, akanigeukia: "Mwanangu, hawa hawajazoea kazi hii." Hakuwa amesoma popote habari za filamu ile. Basi ukiichagua, usiitangaze kuwa maisha halisi. Waache wenyewe wagundue panapolegea, mazungumzo yatakuwa matamu zaidi.

Captains Courageous ya mwaka 1937 ni ya Hollywood. Mtoto wa tajiri anaanguka kutoka melini, anaokolewa na mvuvi Mreno aliyeigizwa na Spencer Tracy, ambaye alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Wanafunzi wanaipenda. Ina maneno mengi mno ya Kiingereza, kwa hiyo mtafsiri atatoka jasho.

Chaguo langu la kwanza, hata hivyo, ni La terra trema ya Luchino Visconti, ya mwaka 1948, na sehemu kubwa ya mwongozo huu nitaitumia kama mfano. Ilipigwa Aci Trezza, kijiji cha wavuvi Sicily, kusini mwa Italia, kwa kufuata kwa mbali riwaya ya Giovanni Verga ya mwaka 1881. Hakuna hata mwigizaji mmoja wa kazi; wote ni watu wa kijiji, na wanasema lahaja yao wenyewe. Filamu inafunguka kwa maandishi yanayosema kwamba Kiitaliano si lugha ya maskini wa Sicily. Waitaliano wa bara hawakuielewa, ikabidi iwekwe sauti ya msimulizi. Kwa hiyo ukimweka mtafsiri pembeni ya shuka kule Matema, unafanya jambo ambalo filamu yenyewe ilishalifanya nyumbani kwao.

Hadithi yake ni hii. Kijana 'Ntoni (watazamaji watamwita Antoni tu, waache) amerudi kutoka jeshini na hawezi tena kukubali wachuuzi wawapangie bei. Kunatokea vurugu ufukweni, mizani inatupwa majini, vijana wanakamatwa. Wachuuzi wenyewe wanaomba waachiliwe, maana bila wavuvi hakuna biashara. Antoni anaishawishi familia iweke nyumba rehani benki, wavue kwa chombo chao, wauze wenyewe. Wanapata mzigo mkubwa wa dagaa, wanawatia chumvi kwenye mapipa. Kisha deni linawasukuma kutoka siku ambayo hali ya bahari haifai, na dhoruba inavunja chombo. Kuanzia hapo kila kitu kinaondoka kimoja kimoja: kazi, mapipa yanayouzwa kwa bei ya kutupa, nyumba, ndugu mmoja anayetoroka na mgeni mwenye sigara za Kimarekani, heshima ya dada. Mwisho Antoni anarudi kuomba kibarua kwa wale wale wachuuzi.

Usiku, taa za wavuvi zinaonekana zimetapakaa juu ya maji. Kule ziwani, ambako usipa, samaki wadogo kama dagaa, huvuliwa kwa taa, karabai zamani na taa za sola siku hizi, picha hiyo peke yake inatosha kunyamazisha ufukwe mzima.

Ubaya wake ni urefu: inakaribia saa 2 na dakika 40. Nitaeleza namna ya kuigawa.

Hatua ya pili: tarehe huchaguliwa na mwezi

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanachagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi.

Usipa hufuata taa, na taa inafanya kazi gizani. Usiku wa giza wavuvi wako majini. Mbalamwezi ikiwa kali, taa inapoteza nguvu na wengi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo ukitaka wavuvi wenyewe, onyesho lako liangukie siku za mwezi mpevu. Tatizo ni kwamba projekta nayo inataka giza. Unavua kwenye maji yale yale na wao, ila kwa kinyume.

Matema ina bahati yake. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki, karibu kabisa na ufukwe, na mwezi unachelewa kuonekana mpaka uivuke. Tena, kila siku baada ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza kwa kuchelewa kama dakika 50 hivi. Ukichagua usiku wa pili baada ya mwezi mpevu unapata giza la kutosha mwanzoni mwa usiku, na wavuvi wengi bado hawajarudi kazini kwa nguvu zote. Usiamini kalenda ya simu peke yake. Waulize wao, maana wanajua lini watatoka na lini hawatatoka.

Mwezi utakapotokea, usipige shuka usoni. Kwa kuwa unatokea mashariki, shuka liutazame upande wa magharibi, mgongo wake uwe milimani.

Majira nayo yana neno. Kyela hunyesha sana, na Machi mpaka Mei usijaribu kabisa nje. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kavu zaidi, ila katikati ya mwaka upepo wa kusini unachafua ziwa na unaweza kukugeuzia shuka kuwa tanga. Mimi napendelea Septemba na Oktoba. Jua kule huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:10 jioni hivi kutegemea mwezi wa mwaka, na inachukua karibu nusu saa zaidi giza kushika. Tangaza saa 1 usiku, anza saa 1:30.

Jambo la mwisho kuhusu tarehe, nalo ni zito kuliko yote: msiba. Ukiwapo msiba kijijini, ahirisha bila kujadiliana. Na kama ziwa limemchukua mtu miezi ya karibuni, zungumza kwanza na familia. La terra trema ina mandhari ya wanawake wamejifunika shali nyeusi, wamesimama juu ya miamba wakiangalia baharini, upepo unawapiga, hawasemi kitu. Mjini hiyo ni picha nzuri. Ufukweni kuna mama aliyewahi kusimama hivyo hivyo.

Hatua ya tatu: hodi na karatasi

Anza na watu wa karibu. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, na viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha ufukweni. Nenda mwenyewe, asubuhi, wakati mitumbwi imerudi na mzigo umeshauzwa. Kabla ya hapo hakuna atakayekusikiliza. Salimia kwa lugha yao. "Mugonile" ya mgeni inachekesha kidogo na inafungua milango mingi. Kwa mzee usikimbilie shida yako. Subiri aulize umetoka wapi, ukoo gani, barabara ilikuwaje. Ndipo useme, "Mzee, nimekuja kuomba."

Sema wazi filamu inahusu nini. Katika hadithi ya Antoni wachuuzi ndio wabaya, na ufukweni kwako wachuuzi wapo, matajiri wenye mitumbwi na nyavu wapo, wengine ni ndugu wa mwenyekiti. Ukiwaficha watadhani umekuja kuchochea. Ukiwaeleza mapema na kuwaalika, watakuja, watakaa mbele, na watakuwa na ya kusema. Mama anayenunua usipa kwa ndoo naye anakopa, naye anapangiwa bei na mwenye Fuso anayeupeleka Mbeya.

Kiserikali, maonyesho ya filamu yanaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na msimamizi ni Bodi ya Filamu Tanzania. Mlango wako wa kwanza ni afisa utamaduni wa wilaya, pale halmashauri. Andika barua fupi: jina la filamu, nchi, mwaka, urefu, mahali, tarehe, nani anatazama. Beba nakala ya filamu kwenye flashi iwapo atataka kuiona.

Haki za kuonyesha ni jambo jingine. Uzee wa filamu si kibali. Uliza Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, na umwandikie mwenye haki au wakala wake ukieleza kwamba onyesho ni la bure na la kijijini. Kwa filamu ya Italia, ubalozi wao Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Fanya haya mapema, maana majibu huchukua wiki.

Hatua ya nne: tafsiri

Hii ndiyo kazi yenyewe. Vyombo utaazima, lakini tafsiri mbaya hakuna wa kukuokoa.

Maandishi ya chini hayafai ufukweni. Watu wamekaa mbali, wengine hawasomi haraka, wazee macho yamechoka, na maandishi yenyewe mara nyingi ni ya Kiingereza. Tunahitaji sauti. Watanzania tumelelewa na wafasiri wa kibanda umiza wanaotia chumvi, wanaowapa waigizaji majina mapya na kuongeza utani pasipo na utani. Kwa filamu za mapigano nawapenda sana. Kwa filamu hii, hapana. Hapa ukimya una kazi, sauti za maji zina kazi, na mfasiri anayejaza kila nafasi anaua filamu.

Tafuta watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mmoja awe mtu wa ufukweni anayejua kila kifaa kwa jina linalotumika pale. Lugha iwe Kiswahili, na pale wazee wanapokuwa wengi, neno moja moja la Kinyakyusa liingie kwa hiari ya mfasiri. Ikombe wako Wakisi, waulize wao wanataka nini.

Kazi inaendelea hivi. Tazama filamu yote bila kuandika chochote. Kisha fungua faili la maandishi ya chini, lile la SRT, kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Ndani utakuta kila sentensi na dakika yake. Usitafsiri sentensi kwa sentensi. Gawa filamu katika mandhari, na kwa kila mandhari jiulize mtazamaji asipoambiwa nini atapotea. Andika hicho. Mabishano ya bei yenye sentensi ishirini za kupokezana, pamoja na kelele za soko, yanaweza kuwa: "Jana walitoa bei nzuri kuliko leo. Leo wanasema samaki ni wengi." Hapo nyamaza, uso wa Antoni utamalizia.

Pale ambapo familia inakubaliana kuweka nyumba rehani, fanya kinyume: tafsiri kila neno. Ndiyo mandhari ambayo watazamaji wako watabishana kwayo usiku mzima, na wanastahili kusikia nani alisema nini, babu alinyamaza wapi, na hofu ya nani haikusikilizwa.

Msimulizi wa Kiitaliano usimtafsiri yote. Mara nyingi anaeleza kile kinachoonekana tayari. Chukua kwake yale tu ambayo picha haina: deni ni la nani, muda umepita kiasi gani.

Andika kwa herufi kubwa, ukurasa mmoja kwa kila dakika kumi hivi, na weka alama ya wazi mahali pa kunyamaza. Mimi hupiga mstari mwekundu. Fanyeni mazoezi na filamu ikiwa imezimwa sauti, halafu ikiwa na sauti, mpaka mfasiri aache kukimbizana na picha. Mzee akisema "polepole, kijana" katikati ya onyesho, ujue mazoezi hayakutosha.

Hatua ya tano: shuka, mwanga, sauti, umeme

Filamu za miaka hiyo zina umbo la karibu mraba, upana 4 kwa kimo 3, tofauti na runinga za leo. Tengeneza shuka la mita 3 kwa mita 2 na robo. Kitambaa cha amerikani kinatosha. Kikiwa chepesi weka mara mbili, na mshono upite kwa ulalo, juu au chini, usikate nyuso katikati. Shona pindo imara pande zote, piga matundu ya chuma kila nusu mita. Nguzo mbili za mianzi, ambayo Rungwe na Kyela haina shida, zifungwe kwa kamba za kuvutia nyuma na mbele, na chini ziwekewe viroba vya mchanga. Kwenye mipangilio ya projekta chagua 4:3. Ukiacha ijinyooshe kujaza upana, wavuvi wa Sicily watakuwa wanene na mitumbwi yao mirefu kupita kiasi, na mtu atacheka wakati wa msiba.

Kwa ukubwa huo tafuta projekta yenye lumeni 3,000 za ANSI, yaani kipimo cha nguvu ya mwanga wake. Zile ndogo za bei rahisi zinazotangazwa kwa maelfu ya lumeni mara nyingi hazina hata mia kadhaa. Iwashe usiku kabla hujalipa. Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo iweke mita 4 na nusu hivi kutoka kwenye shuka, juu ya meza ndefu, ili vichwa visikate mwanga.

Sasa wadudu. Ziwa Nyasa lina kungu, wale wadudu wadogo wanaotoka majini kama moshi, ambao watu huwakamata na kuwala. Wanapenda mwanga. Wakija, watajaa kwenye lenzi na shuka litakuwa na nyota ambazo Visconti hakuziweka. Washa taa kali moja mbali, mita 40 au zaidi, upande wa upepo unakotoka, iwavute kwanza. Weka kitambaa laini kikavu karibu, na usizibe matundu ya hewa ya projekta kwa chandarua. Itachemka na kujizima.

Kwa sauti, spika mbili zenye nguvu ya kawaida zinatosha, moja kila upande wa shuka. Usiweke spika nyuma ya watu. Unahitaji mikisa, kile chombo cha kuchanganya sauti, ndogo yenye njia mbili za maiki na moja ya kompyuta. Mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu: mfasiri akianza kusema anashusha sauti ya filamu mpaka theluthi, akimaliza anairudisha. Mawimbi, kengele, watu wanaoitana kutoka chombo hadi chombo, hayo yote ni maneno pia.

Umeme wa TANESCO upo sehemu nyingi, lakini usiutegemee peke yake. Projekta hula kama wati 300, spika na kompyuta ongeza nyingine mia tatu au nne. Jenereta ya kVA 2 inabeba bila kulia sana. Iweke mbali, mita 30 au zaidi, nyuma ya jengo au mtumbwi uliopinduliwa, na ekstensheni iwe ya waya mnene wa milimita za mraba 2.5. Zika waya kwenye mchanga panapopita watu. Weka mafuta kabla ya kuanza, usiongeze jenereta ikiwa ya moto. Kompyuta iwe na chaji kamili, filamu iwe ndani yake na nakala kwenye flashi, na uizime intaneti. Hakuna kinachochefua kama ujumbe wa WhatsApp kutokea juu ya mlima wa Sicily.

Barabarani kutoka Mbeya, ukishuka Tukuyu mpaka njiapanda ya Kikusya, halafu Ipinda na Matema, projekta ikae miguuni mwako imefungwa kwenye blanketi. Usiikabidhi kwa mtu wa buti.

Hatua ya sita: usiku wenyewe

Fika mchana. Simamisha shuka jua likiwapo, ila projekta usiitoe kwenye mfuko mpaka mchanga utulie. Watoto watakuzunguka; wape kazi ya kutandika mikeka na watakuwa walinzi wako bora. Mikeka mbele, mabenchi katikati, wanaosimama nyuma. Wazee wapate viti karibu na spika. Mama lishe waambie mapema, wakae pembeni ambako moto wao hautazamani na shuka. Wakiuza chai na samaki wa kukaanga hakuna atakayeondoka mapema.

Kabla ya filamu usitoe hotuba. Mwenyekiti asalimie, wewe useme dakika mbili: hawa ni wavuvi wa nchi fulani, mwaka fulani, wamejiigiza wenyewe, leo tutaona nusu na kesho nusu. Basi.

Mgawanyo wangu wa La terra trema ni huu. Usiku wa kwanza uishie kwenye chumvi, familia nzima ikijaza mapipa, wanawake wanaimba, kila mtu ana matumaini. Watu warudi nyumbani hivyo. Mchana unaofuata utasikia utabiri sokoni, kwenye bodaboda, kwenye mtumbwi: wapo watakaosema wamefanikiwa, na wapo watakaosema deni la benki halijalala. Usiku wa pili uanze na muhtasari wa mfasiri, kisha dhoruba. Kama una usiku mmoja tu, usiikate filamu kwa kuruka mandhari, chukua Redes.

Usisimamishe filamu katikati kueleza. Watu wataongea wakati inaendelea, na ni haki yao. Mtu atasema kwa sauti kwamba wingu lile lingemrudisha nyumbani, mwingine atamjibu kwamba mwenye deni hana wingu. Hayo ndiyo uliyoyafuata, mfasiri anyamaze ayapishe.

Filamu ikiisha, washa taa moja hafifu, usiwashe zote. Maswali ya "mmejifunza nini" yaache shuleni. Uliza kitu ambacho wewe hukijui. Nani hapa hupanga bei ya usipa asubuhi, na anajuaje? Chombo kikivunjika, deni la nyavu linakuwa la nani, tajiri au wavuvi? Antoni alikosea kuweka nyumba rehani, au alikosea kutaka kuuza peke yake bila wenzake? Swali la mwisho hugawa watu vibaya. Niliwahi kusikia mama mmoja, mchuuzi, akiwajibu wanaume waliokuwa wanamhurumia Antoni: "Mapipa alikuwa nayo. Mnunuzi hakuwa naye. Angeniuliza mimi kabla hajakopa." Wakacheka, halafu hawakucheka.

Mpe maiki kila anayeitaka, hata aliyelewa kidogo, lakini mmoja wa BMU ashike ratiba. Saa 5 usiku inatosha. Ukitaka kurekodi mazungumzo, omba ruhusa kwa sauti mbele ya wote kabla ya kuanza, na majina ya watu na madeni yao yasitoke ufukweni.

Kiingilio, sishauri. Ukiweka kiingilio wanaobaki nje ni wale wale vibarua wa mitumbwi ambao filamu inawahusu. Gharama za mafuta na usafiri tafuta kwa mfadhili mmoja au changisheni kwenye kikundi chenu, na mama lishe wasitozwe.

Asubuhi rudi kwenye ufukwe mapema uokote vipande vya waya, mifuko na chupa, ujaze mashimo ya nguzo mtu asivunjike mguu akisukuma mtumbwi. Shuka lifuliwe kwa maji baridi bila jiki, kungu wanaacha madoa ya mafuta, na likaushwe kivulini kabla ya kukunjwa. Pitia kwa mwenyekiti kuaga, mwachie nakala ya barua zako za kibali, na muulize filamu ijayo waichague akina nani.